Tikini ya kivulini haitulii? Tazama kwanza ni kivuli cha nini

Ukoka kivulini haushiki, hilo kila aliyejaribu analijua, kwaio wenye kipande cha ua chini ya mwembe au kichochoro baina ya nyumba na ukuta saivi wengi wanageukia tikini (Asystasia gangetica), na mie naona wamefanya la maana mana ni mmea wa kwetu, hununui, unachuma vipandikizi njiani tu huku Unguja, Mwera, Dole au Donge, na Pemba ndo usiseme, mvua kule nyingi zaidi na kila ukingo wa shamba umejaa. Majani yake yanatoka mawili mawili yakitazamana, ua jeupe dogo lina doa la zambarau kwenye mdomo wa chini, na kila fundo la shina likigusa udongo wa maji maji linatoa mizizi. Ndo mana inafunika ardhi haraka.

Sasa tatizo linaanza pale mtu anapoipanda halafu inafanya vituko, hapo hapo anakimbilia dukani kutafuta dawa. Subiri kwanza. Kabla ya dawa jiulize kivuli chako ni cha nini, mana kivuli cha mwembe si kivuli cha ukuta, na cha ukuta si cha mnazi, na karibu kila ugonjwa utakaousoma hapa chini mzizi wake upo hapo.

Na hakikisha ulichonacho ni tikini kweli. Kwenye vitalu wanauza ndugu yake mwenye maua makubwa ya zambarau au ya manjano mpauko, huyo asili yake Asia na matunzo ni yale yale hamna shida. Lakini kile kitambaazi chenye maua ya njano yaliyokoza mithili ya kializeti kidogo, majani yake manene yana mng'aro, hicho ni kitu kingine kabisa, kimetoka Amerika, kikishika hakitoki na kinaua kila kilicho chini yake. Ukipewa bure kataa.

"Majani tele, maua hamna"

Hili ndo lalamiko namba moja. Tikini inavumilia kiza, huko Malaysia imeshageuka gugu sugu kwenye mashamba ya michikichi ambako jua chini halifiki sawasawa, lakini kuvumilia ni kitu kimoja na kuchanua ni kingine. Ikikosa mwanga nguvu zote zinaenda kwenye shina, shina linarefuka, fundo na fundo zinaachana, majani yanakuwa mapana na mepesi halafu ua moja hapa jengine kule. Fanya hivi: saa sita ya mchana siku ya jua nyoosha mkono juu ya hapo ulipopanda utazame chini. Ukiona kivuli cha mkono hata kama kimefifia, mwanga unatosha, tafuta sababu nyengine. Usipoona chochote, hapo pana kiza, na dawa yake ni kupunguza matawi ya chini ya mti, si kuongeza mbolea. Chini ya minazi hutalisikia lalamiko hili kabisa, jua linapenya baina ya makuti na kuhama siku nzima, tikini inapenda vile.

Sababu ya pili ni samadi. Mtu anamwaga ndoo za samadi ya ng'ombe kila mwezi kama vile analima mchicha, matokeo yake anapata mchicha. Mara moja mwanzo wa masika yatosha, tena iliyooza.

Ya tatu ni mkasi. Maua yanatoka kwenye ncha za matawi, na wewe kila wiki unapitisha mkasi ili paonekane nadhifu, sasa yatatokea wapi? Kata mara moja mvua zinapoanza, halafu iache.

"Inalala upande, katikati imeacha mapengo"

Hii ni kaka yake ile ya juu, mana shina refu lililokosa mwanga haliwezi kujibeba. Lakini inatokea hata penye mwanga ikiwa umeiacha muda mrefu bila kuikata, mana tabia yake si kulala chini moja kwa moja, inapanda kwanza mpaka magotini halafu inaangukia. Ikate ibaki urefu wa kiganja. Yale mashina uliyokata usitupe, chagua yenye fundo tatu nne, zika fundo mbili ardhini pale penye pengo, acha kama shubiri na nusu baina ya kimoja na chengine, na yale marefu ambayo hujakata yalaze tu juu ya udongo uyawekee kijiwe juu ya fundo. Wakati wa mvua yanashika bila ya wewe kuhangaika. Wakati wa kaskazi, Januari Februari, usijaribu, utapoteza vipandikizi na maji.

"Inanyauka na mvua inanyesha"

Ukiniambia hivi sihitaji kuuliza, ni mwembe. Au mfenesi, au mdoriani, miti yenye majani mazito yasiyopukutika yote kwa pamoja. Mvua ya wastani inakamatwa juu kwenye majani, sehemu inakauka huko huko na sehemu inateremka pembeni, na kile kidogo kinachofika chini kinanyonywa na mizizi myembamba ya mti ambayo imetanda juu juu kabisa. Kwaio nje ya kivuli pana matope na chini ya mti pana vumbi. Chukua kijiti ukichomeke, kikitoka kikavu baada ya mvua ushapata jibu.

Cha kufanya hapa, usimwage udongo mpya juu ya mizizi yote ukidhani unaisaidia tikini, utaukosesha mti pumzi, na ukilirundikia shina la mwembe udongo maganda yanaanza kuoza pale chini. Tafuta mifuko ya udongo baina ya mizizi mikubwa, chimba vishimo vidogo, changanya majani yaliyooza, panda humo. Maji mwagilia mengi mara mbili kwa wiki badala ya kunyunyizia kidogo kidogo kila jioni, ule unyunyizaji wa mpira dakika mbili unarowesha majani tu na mizizi inabaki juu juu kutafuta ubichi. Halafu panda Machi mvua zinapoanza ili mpaka kusi lije mizizi ishakwenda chini.

Lakini angalia tofauti hii: inayonyauka mchana na jioni ikasimama yenyewe, hilo joto tu, iache. Inayoamka asubuhi imenyauka ina kiu kweli au mizizi imeoza. Ing'oe moja. Mizizi myeupe na migumu, ongeza maji. Mizizi ya kahawia, laini, inanuka, punguza maji. Na ukikuta vinundu vinundu kwenye mizizi, hao ni minyoo fundo, wale wale wanaosumbua bamia na nyanya, hapo toa mimea yote iliyoathirika uichome, usihamishe udongo wake wala vipandikizi vyake kwenda pengine, na jirani yake usipande bilingani wala nyanya.

"Kipupwe chote ilikuwa nzuri, kuingia Januari ikaungua"

Wenye kivuli cha ukuta hii inawachanganya sana, mtu anaapa kwamba pale mahali jua halifiki. Halifiki miezi hiyo. Sisi tupo kama digrii 6 kusini ya mstari wa ikweta, kwaio jua la saa sita halikai upande mmoja mwaka mzima: kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba linapita upande wa kaskazini, halafu miezi iliyobaki linahamia kusini. Kupata upande huna haja ya dira, Zanzibar kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, tazama mihirabu wa msikiti wa mtaani kwako unavyoelekea. Sasa bustani iliyo nyuma ya nyumba upande wa kusini, yaani ukiielekea nyumba unaelekea kibla, masika yote na kipupwe chote ipo kivulini, halafu Novemba Disemba jua linakuja mpaka kwenye msingi, na Januari na Februari mvua haba na kaskazi linavuma. Majani yaliyozoea kivuli ni laini, yanapata mabaka makavu ya rangi ya udongo upande ulioelekea juu.

Hiyo si maradhi na haihitaji dawa. Yaliyoungua yaache mpaka jua lihame mana yanafunika yaliyo chini, simamisha makuti mawili matatu yaliyosukwa kama ukuta mdogo miezi hiyo, au panda migomba michache upande wa nje. Mie nawapa migomba wote wanaouliza, kivuli chake chepesi, chini yake pana ubichi daima na majani yakianguka yanakuwa mboji. Ila ukate majani yaliyokauka.

Kuungua kwa ghafla kwa namna hii kunatokea pia chini ya mkungu (mti wa kungu, si mkungu wa ndizi), mana mkungu unapukutisha majani yote kwa pamoja, kwanza majani makubwa yanaifukia tikini, halafu ukiyafagia jua linaingia lote. Fagia nusu, acha nusu.

"Inageuka njano"

Hapa inabidi utazame vizuri ni majani gani, usiseme njano tu.

Yakiwa ni ya chini, ya zamani, yanakuwa njano yote kwa ukamilifu halafu yanaanguka, mmea una njaa ya naitrojeni. Inatokea sana kwenye udongo wa kichanga, mvua za masika zinaosha kila kitu. Samadi iliyooza konzi moja kila kichaka, basi.

Yakiwa ni machanga, ya juu, na mishipa imebaki kijani wakati nyama ya jani imekuwa njano, hapo ni chuma kimekosekana, na kwa wenyeji wa kusini na mashariki ya Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje na kote kwenye ardhi ya uwanda na maweni, hili ndo lenu. Sio kwamba chuma hamna ardhini, kinongo chenu, udongo ule mwekundu, rangi yake ni ya chuma hiyo hiyo, ila ardhi ya mawe ya matumbawe ina chokaa nyingi na chokaa inakifunga chuma mzizi usikipate. Mjini pia linatokea pale karibu na ukuta, mana mafundi wakimaliza kujenga mabaki ya saruji na chokaa wanayafukia hapo hapo chini ya dirisha, wewe unakuja kupanda juu yake. Chimba uone. Ukikuta vifusi, toa, kina cha jembe moja, jaza udongo wa shamba uliochanganywa na majani yaliyooza. Kwenye mawe matupu chimba vishimo kwenye nyufa ujaze mboji, na kila mwaka uongeze juu, mana inaliwa na kushuka.

Na tafadhali usimwage jivu. Najua bibi zetu wanamwaga jivu kila mahali na penye udongo mchachu linasaidia, lakini juu ya matumbawe jivu linazidisha lile lile tatizo. Maji ya kufulia vile vile, sabuni na soda zake zinafanya kazi ya jivu na chumvi juu yake.

Kuhusu chumvi, ikiwa ncha na kingo za majani zinakauka kwanza, rangi ya kahawia, na wewe upo karibu na pwani unamwagilia maji ya kisima, yaonje. Yakiwa na ukakasi wa chumvi hata kidogo, basi ndo hiyo chumvi, na wakati wa kiangazi inazidi. Kinga maji ya mvua kwenye pipa uyatumie, na ukishindwa mwagilia mengi kwa pamoja ili chumvi ishuke chini, si kidogo kidogo ikajikusanya juu.

"Inaoza shina chini"

Masika, kinamo (udongo mzito wa mfinyanzi), na mfereji wa bati. Kinamo kinashika maji na mabondeni Pemba ndo kimejaa, mmea unasimama kwenye maji siku kadhaa, shina linakuwa jeusi usawa wa udongo. Inua tuta la kiganja kimoja upande juu yake, chimba kijifereji. Penye nyumba tazama matone ya bati yanapoangukia, pale pale panachimbika na tope linarukia majani, weka mstari wa kokoto na sogeza tikini ndani hatua moja. Kwenye miteremko ni kinyume, maji yanapita na kuondoka na udongo, hapo panda mistari iliyokata mteremko, tikini ikishashika inaushika udongo vizuri tu.

"Asubuhi nakuta imeliwa"

Nenda usiku na tochi. Ikiwa ni masika utawakuta wenyewe, makonokono makubwa yale, ambao na wao ni wenyeji wa pwani hii ya Afrika Mashariki kama tikini yenyewe. Wanaacha matundu makubwa yasiyo na mpango na njia ya utelezi inayong'ara. Waokote, lakini vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi mana wanabeba vijidudu vinavyoweza kumletea mtu maradhi ya ubongo, na watoto wasiwachezee. Mchana wanajificha chini ya mabao, vifuu na matofali, toa takataka hizo karibu na bustani na nusu ya kazi imekwisha. Watu wanamwaga chumvi. Konokono anakufa kweli, na mvua ikinyesha chumvi inaenda kwenye mizizi ya tikini, tushaizungumza hiyo hapo juu.

Matundu ya mchana, madogo madogo, na viwavi vyeusi vyenye miiba miiba, hao wanageuka vipepeo. Wapo vipepeo kadhaa wanaotaga kwenye mmea huu. Ushauri wangu waache, tikini inarudisha majani haraka kuliko wanavyokula. Ukitia sumu unaua na nyuki, na nyuki wanaipenda hii sana.

Imekatwa mashina kabisa, ni mbuzi. Mbuzi, sungura na ng'ombe wote wanaila, watu wanaikata makusudi kuwapelekea, na huku pwani hata binaadamu wanaipika mboga. Hapo hakuna cha kutibu, weka uzio. Kuku hawaili sana ila wanaipekua kutafuta wadudu, na kipandikizi kisichoshika hakivumilii kupekuliwa, funika na miba au makuti mpaka kishike.

"Majani yana masizi"

Paka kidole, ukiona yanafutika ni ukungu mweusi unaoota juu ya utomvu wa wadudu, na wadudu wenyewe hawapo kwenye tikini, wapo juu mwembeni, hasa mwembe ukiwa na maua, wananyonya na kudondosha utamu chini. Osha kwa maji ya mpira. Dawa ya kupulizia chini haifanyi chochote. Kama juu ya mti kuna majimoto, wale chungu wanaouma, usiwapige dawa ukafikiri ndo adui, wanakula wadudu wengi na kwenye minazi ndo walinzi wa nazi, we vaa mikono mirefu tu ukienda kupalilia.

"Mabaka ya njano kama batobato la muhogo"

Mishipa ya njano, jani limekunjamana, mmea umedumaa. Hiyo virusi, inabebwa na inzi weupe, pindua jani utawaona wanaruka. Haina dawa. Ng'oa kichaka kizima, choma, na la muhimu usichukue kipandikizi hapo hata kama tawi moja linaonekana zima. Ukichukua vipandikizi njiani chagua kwenye kichaka chenye majani ya kijani kimoja, tena wakati wa asubuhi.

"Sasa imezidi, imeingia mpaka kwa jirani"

Hilo nalo ni tatizo, hata kama aliyeanza kusoma kule juu analitamani. Tumba la mbegu likikauka linapasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mita kadhaa, ukikaa kimya mchana wa jua unasikia zinavyopasuka, ndo mana inachomoza mahali ambapo hukuipanda. Kuing'oa peke yake haitoshi ikiwa umeacha matumba. Kata baada ya maua kuisha matumba yakiwa bado kijani, na ulichokikata mpe mbuzi, usikirundike mbichi juu ya udongo mana kila fundo litaota upya. Mpakani weka mstari wa mawe au tofali zilizozama nusu, zinazuia mashina ya kutambaa, mbegu hazizuii, hizo unazing'oa kwa mkono zikiwa na majani manne. Karibu na miche michanga ya mboga au karafuu usiiache ikaribie hata kidogo, inainyang'anya maji. Na chini ya mkarafuu unaochumwa usiipande kabisa, wakati wa msimu pale panatakiwa peupe ili karafuu zilizoanguka ziokotwe.